Tupeane uzoefu: Mmarekani akikwambia "bummer"

Wakuu, habari za jioni. Walioko Marekani au mnaofanya kazi na Wamarekani, hili neno la kusema "inasikitisha" au "bahati mbaya" mlikutana nalo vipi?

Mimi niko Columbus, Ohio, kazi za ghala. Mama aliponyimwa viza ya kuja kumwona mjukuu wake, nilimweleza mwenzangu wa zamu. Akaweka boksi chini, akakunja uso, akasema "Oh, bummer," akarudi kubandika lebo. Iliniuma sana. Kwetu mtu angekupa pole, akauliza mama kalipokeaje, na kesho yake angekuulizia tena.

Nilivyozidi kukaa nao nikaelewa ni neno la mambo ya kawaida: mvua imeharibu matembezi, tiketi zimeisha, kioo cha simu kimepasuka. "Pole" yetu inabeba kuanzia kujikwaa hadi msiba; hilo lao halifiki huko. Mfiwa usimwambie kamwe, mwambie "I'm so sorry."

Lina historia pia. Karne ya 19 "bummer" alikuwa mzururaji mvivu, kutoka Kijerumani "Bummler". Mwaka 1864, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari wa Jenerali Sherman wa upande wa Kaskazini waliokuwa wakichukua vyakula mashambani jimbo la Georgia waliitwa hivyo. Miaka ya 1960 mahipi, wale vijana wa nywele ndefu waliokataa desturi za wazee wao, wakalitumia kwa hali ya mtu aliyemeza dawa za kulevya zikamgeuka. Mpaka leo ni neno la kijiweni, kwenye barua ya kikazi usiliweke.

Karibuni.

— Mkuu, mwenzako hakukudharau. Mimi nahudumia wazee. Kuna bibi akikuta aiskrimu imeisha lazima aseme "bummer", tena kwa kulivuta. Ila mumewe alipofariki, jengo zima sikumsikia mtu akilitamka.

— Huku Uingereza silisikii sana. Timu ikifungwa dakika za mwisho wanasema "gutted", yaani kama umetolewa utumbo. Hilo zito zaidi, na shabiki akilisema anamaanisha, mpe nafasi apumue.

— Nyongeza kwa wanaojifunza: jambo ndilo "bummer", mtu anakuwa "bummed". Mwanangu mechi yao iliahirishwa, akaingia ndani na viatu vya mpira mguuni, "Mom, I'm so bummed." Nikamwambia pole baba, njoo ule. Akaja, akala chapati tatu.