Waliosomea uhasibu, tupeane uzoefu: mpwa wangu anataka CPA

Mjomba wa Kayole: Mpwa wangu ana C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hesabu amepata B. Dada yangu amenitwika mimi huu mzigo eti kwa kuwa nafanya kazi ofisini. Mimi ni dereva wa ofisi, lakini hilo tuliache. Kijana anataka kuingia CPA, ile mitihani ya uhasibu wa kitaalamu, moja kwa moja; babake anataka chuo kikuu. Jumapili tunakutana kwao na mimi ndiye nitakayeulizwa. Mliopitia huko, semeni ukweli.

Karani Mkuu: C+ inamtosha kujisajili KASNEB, wale wanaotunga mitihani ya CPA. Lakini hiyo B ya hesabu asiitegemee sana. Hesabu zenyewe ni kujumlisha na kutoa, kompyuta inamaliza. Kazi ni kumfuata mtu wa mauzo wiki mbili akupe risiti ya mafuta, naye anakuona adui wa ukoo wao.

Mama Wawili South B: Risiti ya mafuta! Mimi niliwahi kuletewa iliyofuliwa ndani ya suruali. Mwenyewe anasisitiza inasomeka.

Msomi wa Juja: Aende chuo kikuu kwanza. Akimaliza shahada ya uhasibu anasamehewa baadhi ya karatasi za CPA.

Karani Mkuu: Yaani alipe karo miaka minne ndio asamehewe karatasi? Si azifanye tu? Mitihani siku hizi iko Aprili, Agosti na Desemba. Sisi tulikuwa tunangoja Mei na Novemba, na ukipata 49 unarudi kwa mama kuomba hela tena.

Msomi wa Juja: Ndio maana wengine mmebaki makarani.

Karani Mkuu: Karani ni jina nililojipa, kaka. Mshahara wangu hujauona.

Mama Wawili South B: Nyinyi wawili, kuna mtoto anangoja ushauri hapa.

Mzee wa Vocha: Nimesoma hii nikiwa kwa matatu pale Muthurwa nikasema leo wacha niseme. Nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya vipuri, sitaitaja. Bosi alikuwa mtu wa watu, Ijumaa ananunulia ofisi nzima nyama. Kila ikikaribia tarehe 20, siku ya kuwasilisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ananiletea ankara nene za muuzaji fulani. Mali hiyo sijawahi kuiona stoo. Lakini ankara zina stempu, zina PIN ya kodi, na ile VAT ya asilimia 16 tunaidai kama tumeilipa kweli.

Siku moja nikachukua anwani nikaenda. River Road, orofa ya tatu, ngazi zinanuka mafuta ya samaki. Mlango wenye namba ile nikakuta mama anashona sare za shule. Nikamuuliza kampuni fulani iko wapi. Hakuinua hata kichwa kutoka kwa cherehani. Akasema, “Hata wewe? Juzi walikuja wengine na vitambulisho vya serikali shingoni.”

Magoti yalilegea, nikakaa pale kwa benchi ya wateja. Jina kwenye marejesho ya kodi ni la kampuni, lakini aliyebonyeza ni nani? Mimi.

Nikarudi nikamwambia bosi mwezi huu sizipeleki. Akacheka. Kesho yake nakuta kufuli jipya, na jioni polisi wamenifuata mpaka Umoja: eti nimeiba pesa taslimu za ofisi. Nililala seli kwenye saruji, kiatu kimoja ndio mto. Kilichonitoa ni vocha, zile hati za malipo. Kila pesa iliyotoka kwenye ile sanduku ilikuwa na vocha yenye saini ya bosi mwenyewe, na nakala zilikuwa kwangu, chini ya godoro. Mke wangu alizileta kwa mfuko wa unga. Afisa alizipekua moja moja, akaniangalia, akasema nenda nyumbani. Mshahara wa mwezi ule sijalipwa mpaka leo.

Dada wa Pipeline: Wueh. Na bosi?

Mama Wawili South B: Mfuko wa unga! Mungu ambariki huyo mke.

Msomi wa Juja: Pole sana mzee. Lakini kubeba nakala za hati za kampuni nyumbani ni kosa kazini.

Mzee wa Vocha: Kijana, ungelala wewe pale ungezipenda hizo nakala.

Fundi Sola: Hapo nimeelewa kwa nini mimi napanda paa. Mwambie kijana aje nimfunze sola. Huko juu hakuna anayekuomba saini.

Dada wa Pipeline: Bosi alifanywa nini jamani?

Mkaguzi Mstaafu: Kwa Mzee wa Vocha, ulifanya vyema. Kwa mjomba: hadithi kama hiyo isimtishe kijana, siku hizi ankara zinapitia eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, na ujanja wa aina ile umekuwa mgumu, ingawa haujaisha. Amalize ngazi zote tatu, ajiunge na ICPAK, chama cha wahasibu. Ripoti ya ukaguzi haitiwi saini na kila mwenye kalamu, inatakiwa leseni, na hapo ndipo heshima na pesa zilipo. Na apende kusoma sheria. Nimeona mishahara ikibadilishiwa makato mara ngapi? Mwaka 2024 bima ya afya ya NHIF iliondoka, ikaingia SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara, na ada ya nyumba 1.5 juu yake. Wafanyakazi hawaendi kugombana na Bunge, wanakuja mlangoni kwako.

Dada wa Pipeline: Mimi nimeolewa na mhasibu. Tarehe 9 ni PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 ni VAT, Juni na marejesho ya mwaka ndio usiseme. Kijana aoe mapema au asioe kabisa.

Karani Mkuu: Aanze kazi ndogo huku anasoma, hata kwa duka la jumla. Atajua kama anaweza kukaa na shilingi 30 isiyolingana mpaka saa tatu usiku. Mimi huwa nafurahia hiyo, sijui nina ugonjwa gani.

Msomi wa Juja: Hapo kwa kuanza kazi nakubali. Kwa chuo sijabadilika.

Mama wa Donholm: Nina vitabu vya ngazi ya kwanza, mtaala mpya, havijaandikwa ndani. Binti yangu alihamia mapishi.

Mjomba wa Kayole: Bei mama?