Mrejesho: filta ya hita ya nyumba

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kuhusu hita yangu huku Minnesota: inawaka dakika chache, inajizima, watoto wanalala na makoti. Mlioniambia nitazame filta kwanza, mmeniokoa. Nilikuwa nimeweka filta ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha filta kunasa vumbi; namba ikipanda, inanasa zaidi) ya unene wa inchi 1, nikidhani namba kubwa ndiyo bora. Kumbe kwa feni ya hita yangu imebana mno. Hewa haipiti ya kutosha, hita inapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata. Tena niliikuta nimeipachika kinyume, ule mshale wake wa kuonyesha hewa inakoelekea unatazama nje badala ya kuelekea kwenye hita. Aibu! Nimeweka MERV 8, na tangu Jumamosi haijajizima hovyo. Vumbi limeongezeka kidogo, lakini tunalala. Fundi anasema nikipata hela nifunge kisanduku cha filta nene ya inchi 4, inase vumbi bila kubana hewa.