Ripoti ya MRI (picha ya ubongo) ya mdogo wangu imeandika hipokampasi ya kushoto imesinyaa, hii ni nini jamani?

punda_wa_langoni
Assalam aleikum wadau, naomba anayejua anieleweshe. Mdogo wangu ana miaka 26, tuko Lamu, kazi yake kubeba mizigo na punda kutoka jeti. Alipokuwa na miaka 3 alishikwa na malaria kali na degedege lililokawia sana, akapona, tukasahau. Sasa tangu mwaka juzi ana vituko, anakwambia tumbo linampanda kama kuna kitu kinatoka chini kuja kooni, halafu anaganda macho wazi, anatafuna mdomo mtupu kama ana tambuu, mkono unachezea kifungo cha shati, dakika moja hivi kisha anarudi na hakumbuki kitu. Mtaani washasema ni jini, makombe kanywa mpaka basi. Tukavuka Mokowe tukapanda basi hadi Mombasa akapigwa MRI, daktari akataja dentati jairasi mbiombio akaita mgonjwa mwingine, hospitali siitaji. Na lingine, hata siku ambazo hajaganda anachanganya mambo. Asubuhi anamfunga punda mahali, mchana anaenda kumtafuta alipomfunga jana. Yahusiana ama ni bangi? Simshuku lakini nauliza.

nesi_mld
Waaleikum salam, pole kakangu. Mimi ni nesi hapa Malindi na hao wagonjwa nawaona. Hicho ni kifafa, ila si kile cha kuanguka na kutoa povu ndio maana watu hawakitambui. Kinaanzia ndani ubavuni mwa ubongo, usawa wa sikio. Degedege refu la utotoni laweza kuumiza pale, na huku kwetu pwani mtoto kuugua malaria kali kisha kifafa kikaja baadaye ni jambo ambalo watafiti wa Kilifi washaliandika sana. Sisemi ndilo la mdogo wako, lakini hiyo historia ya miaka 3 mwambieni daktari, usidhani anajua. Na dawa, alipewa kabamazepini ama nini? Asije akaziacha ghafla kwa kuwa kajiona mzima, hapo ndipo watu huletwa kwetu wakitetemeka bila kukoma. Kombe akitaka anywe, vidonge visikatike.

kijana_wa_maweni
Hilo la punda ndio limenifanya nijibu manake nasomea mambo haya. Hipokampasi ni sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, jina ni farasi wa baharini kwa kigiriki, waliona inafanana naye. Dentati jairasi ni mkunjo mdogo humo ndani, una vinundu kama meno, jina limetoka hapo. Habari zikitoka kotiksi ya entorinali, sehemu ya ubongo iliyo jirani yake, zinapita hapo kabla ya kwenda mbele. Kazi yake kubwa ni kutenganisha mambo yanayofanana. Chukua punda yuleyule, kamba ileile, uwanja wa Mkunguni palepale, jana kafungwa chini ya mti wa mkungu, leo pembeni ya ngome. Seli za dentati ni nyingi mno lakini kwa wakati mmoja zinawaka chache tu, kwa hivyo ya leo inapata seli zake na ya jana zake. Pakiharibika, siku mbili zinalala mkeka mmoja. Kwa hivyo bangi muache kwanza.

Sasa kwa kuwa hizo seli haziwaki ovyo, pale panakuwa kama bawabu, umeme wa vurugu ukija unakwama mlangoni. Kwenye kifafa cha aina hii mara nyingi seli nyingine za hapo zinakufa, zikiwemo zinazotuliza wenzao, zile zilizobaki zinatawanyika, na nyuzi zao zinaota kurudi nyuma kujiunga zenyewe kwa zenyewe, ingawa wataalamu wanabishana kama hilo ndilo chanzo au ni kovu tu. MRI ya kawaida haikuonyeshi hayo, inakuonyesha kusinyaa, mengine ni ya darubini. Daktari alikuwa anakueleza tu, basi hakumaliza.

mzee_kobe
Na mbona nasikia hapohapo seli mpya huzaliwa hata ukiwa mtu mzima? Si atapona mwenyewe, kimbia kimbia asubuhi ufukweni.

kijana_wa_maweni
Mzee taratibu hapo. Kwa panya ni kweli, ilionekana tangu 1965, na panya wanaokimbia kwenye gurudumu wanapata seli nyingi zaidi. Kwa binadamu kuna kazi ya 1998 iliyoziona, na 2013 watu wa Sweden walitumia kaboni iliyobaki hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya atomiki (wallahi sikutungi) wakakadiria kama seli 700 kwa siku kila upande. Halafu 2018 wengine wakatafuta kwa watu wazima wakasema hawaoni kitu, mwaka huohuo wengine wakasema zipo. Kukimbia ni kuzuri, lakini kwa kifafa hizo seli si dawa, kuna hata kazi za panya zinazoonyesha zikizaliwa baada ya mshtuko wa kifafa zinakaa pasipo pao zikaongeza fujo.

nesi_mld
Na ufukweni asiende peke yake, wala asiogelee hata kidogo mpaka kitulie. Vijana wa kifafa tunawapoteza majini. Akiganda tena mtu achukue video kwa simu, hiyo dakika moja itamfaa daktari kuliko nyinyi kumhadithia. Na vidonge vikishindwa hata baada ya kubadilisha aina mbili, ulizeni habari ya upasuaji, hiki cha kovu upande mmoja ndicho kinachofaidika nao sana.

punda_wa_langoni
Allah awalipe. Kumbe vidonge ndio hivyo hivyo kabamazepini, alikuwa anameza akikumbuka, na kukumbuka ndio kama mnavyoona. Nimempa mke wake azishike yeye, simu naye anayo. Punda tumempata, alikuwa mlangoni kwa jirani anakula maganda ya maembe.