Naomba ushauri: mgonjwa anaivua barakoa ya mashine ya kupumulia

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya kawaida, si ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Siku hizi tunaletewa wagonjwa wa mapafu sugu ambao kaboni dayoksaidi imepanda na pH ya damu iko chini ya 7.35 (yaani damu imekuwa na asidi kupita kawaida), tuwawekee mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, bila mpira wa kooni.

Juzi usiku mzee mmoja kila nikimfunga mikanda anaivua, anasema anakabwa. Nikilegeza, hewa inavujia machoni. Nikakaza, asubuhi nakuta ngozi ya juu ya pua imechubuka. Iliniuma sana. Presha ya hewa ya mashine nilianza na 12 akivuta pumzi na 5 akitoa, oksijeni ya damu nikaishikilia kati ya asilimia 88 na 92, na kipimo cha damu baada ya saa moja kilionyesha nafuu kidogo.

Naombeni mliozoea: mgonjwa mwenye hofu mnamtulizaje bila dawa ya usingizi? Pua mnaikingaje? Na ni dalili zipi mkiziona hamngoji tena, mnawaita wa ICU? Usiku nikiwa peke yangu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi.