Choo kimejaa, gari halifiki, masika yanakuja. Naombeni ushauri

Kobe wa Bondeni:
Wakuu habari za jioni. Nipo Vingunguti, upande wa bondeni, nyumba ya urithi. Mbele tunakaa sisi na Bi mkubwa, nyuma vyumba vitano vya wapangaji. Jumla watu 19, choo cha shimo kimoja. Kimejaa. Ukimwaga kopo la maji yanabaki yanakutazama. Wapangaji wameanza kwenda kwa majirani, na majirani wameanza kufunga kufuli.

Kinachoniuma, mabwawa ya maji taka yapo hapa hapa Vingunguti. Magari ya kunyonya yanapita barabarani kutwa kwenda kumwaga. Ila kutoka barabarani hadi kwangu ni kichochoro cha kupishana kwa ubavu, na mpira wao unaishia kwa muuza mkaa, nyumba sita kabla.

Fundi aliyekuja juzi kasema tusubiri masika. Mvua ikikolea anatoboa ukuta wa shimo, anachomeka bomba, tunatapisha usiku, asubuhi pasafi. Elfu hamsini. Bi mkubwa kakubali, anasema mtaa mzima wanafanya hivyo. Ni kweli. Mwaka jana jirani wa juu yangu alitapisha, nikaamka saa kumi alfajiri nikakuta ndala zinaelea jikoni, na hayakuwa maji ya mvua peke yake. Mwanangu aliharisha wiki nzima. Sasa chini yangu mimi kuna mama mwenye mapacha.

Nifanyeje? Nina laki nne, nikijibana laki tano.

Pima Upepo:
Mwaga chumvi kilo ishirini na mafuta ya taa lita tano. Linashuka lenyewe. Utanishukuru.

Fundi Kokoto:
Mkuu unampoteza mwenzio. Chumvi wanaitumia wazoaji kulainisha uchafu ulioganda, mafuta ya taa ni kupunguza harufu. Mzigo wote unabaki mle mle.

Mleta mada, tafuta vijana wanaozoa kwa pampu ya mkono. Bomba linazamishwa shimoni, mmoja anapandisha na kushusha mpini, uchafu unaingia kwenye mapipa yenye mifuniko, mapipa yanabebwa mpaka kwenye guta barabarani. Anapopita mtu, nayo inapita. Wanahesabu kwa pipa, patana kabla. Asishuke mtu ndani na koleo, hata akuapie kuwa amezoea. Niliona kijana kashuka, hewa ya mle ikamlegeza magoti palepale, wakamvuta kwa kamba. Yule alikuwa na siku zake bado.

Na waulize wanamwaga wapi. Wakiumauma maneno, ujue ni mto Msimbazi.

Mtoto wa Kiomboi:
Mnanichekesha watu wa Dar. Huku kwetu Iramba shimo likijaa unalifukia, unapanda mpapai juu, unachimba lingine hatua kumi mbele. Mapapai yake sasa, acha kabisa.

Kobe wa Bondeni:
Mkuu Kiomboi, hatua kumi mbele kwangu ni chumbani kwa mtu.

Mama Chapati:
Wewe Kobe usitapishe. 2015 kipindupindu kilipoingia Dar nilikuwa napika Manzese. Waliofungulia vyoo mvuani hakuwasogelea mtu. Sisi wa chapati na juisi ndio tulioambiwa tufunge. Nilikaa bila biashara mpaka mtaji ukaliwa. Mwite mwenye mapacha na yule wa juu mkae na mjumbe, kabla ya mvua. Wa juu atanuna, mwache anune.

Kobe wa Bondeni:
Asanteni. Fundi Kokoto, nikishazoa si litajaa tena? Nafikiria kuchimba refu, futi ishirini.

Fundi Kokoto:
Hapo kwenu maji ya kisima mnayakuta futi ngapi?

Kobe wa Bondeni:
Kiangazi kama nane. Masika hata tatu.

Fundi Kokoto:
Basi ukichimba ishirini umechimba kisima ukakiita choo. Masika maji ya ardhini yanaingia kwa chini na kulijaza kabla hata hamjalitumia, halafu uchafu wenu unatembea kwenda visima vya wenzenu. Bondeni choo kinainuliwa. Chimba kifupi tu, kisifikie maji ya masika, jenga tofali juu ya ardhi futi nne, piga plasta ndani na nje, sakafu ya zege, ngazi za kupandia. Weka bomba la hewa refu kupita paa, na wavu mdomoni, inzi wasitoke. Acha mfuniko pembeni wa kuingizia pampu. Kitajaa mapema, sikudanganyi. Ila utazoa kidogo kidogo kwa hela ndogo.

Pima Upepo:
Choo cha ghorofa. Mtaa mzima watajua nani kapanda.

Kobe wa Bondeni (wiki tatu baadaye):
Mrejesho wakuu. Vijana wa pampu wamekuja, wametoa mapipa 14. Walikwama mara tatu: nguo, mkoba wa shule, na mfuniko wa sufuria ambao Bi mkubwa aliutafuta toka Idi. Wapangaji wamechanga nusu. Wawili wamegoma, wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Jirani wa juu hakuja kwenye kikao, ila mkewe alikuja.

Naanza kuchimba jipya Jumamosi. Mchanga unamomonyoka sana, nimeambiwa sehemu ya chini nipange matairi chakavu. Ya Fuso au ya gari dogo?

Fundi Kokoto:
Ya Fuso. Kichochoroni utayabingirisha.