Nimechaguliwa Sayansi ya Siasa UDSM, mjomba anataka niende ualimu. Naombeni ushauri, zimebaki siku nne

binti_wa_magharibi
Habari za muda huu wakuu, shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni binti nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nimepata division two. Niliomba vyuo viwili na kote nimechaguliwa. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wamenipa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wamenipa ualimu wa masomo ya sanaa. Sasa natakiwa nithibitishe chuo kimoja kwa ile namba ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inayokuja kwenye simu.

Mjomba ndiye amenisomesha tangu form one, baba alifariki nikiwa mdogo na mama anauza mchele gengeni. Mjomba anasema siasa haisomewi, watu wanaingia tu, na mtoto wa kike akisomea siasa ataishia kubeba mabango kwenye kampeni. Anataka ualimu. Simlaumu kwa sababu hela ni yake na jasho ni lake.

Ila mimi hii kozi naitaka toka moyoni. Nikiwa form three nilikaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mzee mmoja akasimama akaomba asomewe mapato na matumizi ya kisima, akaambiwa akae chini muda umeisha. Akakaa. Watu kama mia mbili tulikuwepo na hakuna aliyesema kitu, hata mimi. Mpaka leo najiuliza kwanini tulinyamaza wakati kisima ni chetu, na kitabu chochote kinachoongelea mambo hayo huwa nakisoma mpaka mwisho.

Naombeni ushauri wa kweli, kazi zipo? Darasani wanasoma nini hasa? Na mjomba naongea naye vipi?

Mtaratibu
Mdogo wangu marahaba. Hiyo kozi nimesoma mimi, nimemaliza 2014, kwa sasa ni mtendaji wa kata mkoa fulani wa kusini, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Mwaka wa kwanza utakutana na Plato, Aristotle, Hobbes, Locke, wengi wanachoka hapo wanasema hawa wazee wa Ulaya wananihusu nini, vumilia, maana swali lao ndilo la yule mzee wa kisima, kwamba nani kampa huyu mamlaka ya kuniambia nikae chini. Halafu mnaingia Tanzania yenyewe na hapo ndipo kozi inanoga. Mtasoma Azimio la Arusha 1967, mtasoma Madaraka Mikoani ya 1972 ambapo halmashauri zilifutwa kabisa mambo yakaendeshwa na maofisa wa serikali kuu, kisha zikaja kurudishwa kwa sheria za 1982. Mtasoma Tume ya Nyalali, ile iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, karibu watu wanane katika kumi waliohojiwa walitaka chama kimoja kibaki lakini tume ikashauri vyama vingi na 1992 ikawa hivyo. Semina yetu tulibishana wiki nzima kama ile ilikuwa sahihi, na sijawahi kuisahau.

Upande wa utawala wa umma ndio unaokupa ugali. Sheria za serikali za mitaa, bajeti, utumishi, jinsi barua inavyotembea ofisini. Usaili wangu maswali yalitoka huko karibu yote. Lakini sikudanganyi, kutoka kumaliza mpaka kuajiriwa nimekaa miaka mitatu nauza vifaa vya simu Kariakoo. Na mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, mimi kwenye kata yangu nahakikisha unakaa na mapato na matumizi yanasomwa kwa sauti. Siku ya kwanza kuona yanasomwa kwa sababu yangu nilifurahi kuliko siku ya mahafali.

Mzee wa Busara Ndogo
Museveni wa Uganda kasoma hapo hapo Mlimani (UDSM) kamaliza 1970, enzi hizo mwanahistoria Walter Rodney anafundisha. Nenda binti usiogope.

kijana_mtaani
Mkuu hapo juu, habari za Museveni hazimsaidii mtu ambaye mama yake anauza mchele. Enzi zile mwenye digrii alikuwa anatafutwa, siku hizi tangazo la nafasi chache linaombwa na maelfu.

Dada, mimi nimemaliza hiyo kozi 2019 na bado sijapata ajira rasmi, nimefanya usaili mara sita. Sisemi usiende. Nasema piga hesabu ya nyumbani kwanza, je mkimaliza hiyo miaka mitatu mnaweza kukaa mingine mitatu bila wewe kuleta kitu? Na mkopo wa Bodi ya Mikopo sio zawadi, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Mimi hakuna aliyeniambia haya mapema ndio maana nakwambia.

Mwl_wa_Kujitolea
Pole kaka. Ila na sisi wa ualimu wa sanaa tusidanganye watu. Nimemaliza 2018, History na Kiswahili, nafundisha kwa kujitolea mpaka leo, nalipwa posho ya nauli. Tuko wengi sana mtaani. Ualimu wa fizikia na hesabu ndio una afadhali. Kwa hiyo mjomba anayedhani ualimu una uhakika anaongelea ualimu wa wakati wake. Mimi ualimu naupenda na sitauacha, ila mtu ambaye haupendi akiingia kwa sababu ya ajira tu ataumia mara mbili, na watoto wataumia naye.

takwimu_kwanza
Nipo kwenye utafiti, nimepita idara hiyo hiyo. Nikuongezee ambacho wengi hawasemi.

Wanafunzi wengi wa siasa wanakimbia somo la mbinu za utafiti na takwimu, wanasubiri desa (notsi za kukariri) wiki ya mtihani wapite tu. Usifanye hivyo. Idara ile ndiyo ilianzisha REDET mwaka 1992, mradi wa utafiti na elimu ya demokrasia, wamefuatilia chaguzi na kuhoji wananchi nchi nzima, kwa hiyo kujua kuandaa dodoso na kuchambua majibu ni sehemu ya hii fani kabisa. Mimi kazi yangu ya kwanza niliipata mwaka wa tatu, kuhoji watu kijijini kwa tableti, nikalipwa kwa siku, na kwa sababu nilijua SPSS (programu ya kuchambua takwimu) wakaniita tena kwenye uchambuzi.

Pili GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Upper second (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, lakini ukitaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi ni 3.8 kwenda juu. Mwaka wa kwanza ndio unaokuangusha kwa sababu ya uhuru.

Tatu, fildi (mafunzo kwa vitendo) usiende kwa ndugu yako akusainie fomu. Nenda halmashauri, kaa masjala (ofisi ya kutunza mafaili), beba mafaili, omba kuhudhuria vikao.

binti_wa_magharibi
Asanteni sana jamani, nimesoma kila neno na nyingine nimemsomea mama. @kijana_mtaani pole kaka, Mungu akufungulie.

Swali kwa @takwimu_kwanza, mimi hesabu form four nilipata F. Hizo takwimu nitaziweza kweli?

takwimu_kwanza
Utaziweza. Nilipata F pia. Ni wastani, asilimia, uhusiano wa vitu viwili, na kompyuta ndiyo inayokokotoa, wewe kazi yako ni kujua unauliza nini. Anza sasa hivi kujifunza Excel kabla chuo hakijafunguliwa.

Mama Wawili
Mwanangu, kuhusu mjomba. Usiende na maneno ya moyo unataka hiki, atasikia ukaidi. Nenda na mama yako, msalimie vizuri, mshukuru kwanza kwa ada za miaka yote hiyo, taja na mwaka ambao alihangaika zaidi. Halafu mpe simu asome mwenyewe tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira, la afisa tarafa au mtendaji, aone kwa macho yake panapoandikwa utawala wa umma. Watu wazima tunaamini karatasi. Na akikuuliza kitu usichokijua mwambie sijui mjomba.

binti_wa_magharibi
Nimerudi wakuu. Tumeenda jana jioni na mama. Mjomba amesoma tangazo lote kimya, akarudia tena, akaniuliza kwa hiyo huyu afisa tarafa anasoma hiyo siasa yako? Nikamwambia ndiyo na wengine sheria na wengine sosholojia. Akauliza nisipopata kazi je, nikamjibu kama alivyoandika takwimu_kwanza, nikamwambia pia kuhusu asilimia 15 sikumficha. Akanyamaza sana. Mwisho amesema nithibitishe Mlimani, lakini nauli na godoro atatoa, hela ya chumba hana.

Nimethibitisha leo asubuhi. Sasa kuna aliyeko mwaka wa pili aniambie hosteli ya Mabibo inaombwaje, na bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) la kwanza huwa linachukua wiki ngapi tangu kufungua?