Skrini ya hezi 144 inakuja ikiwa kwenye hezi 60, na hakuna anayeona haya

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia. Watengenezaji wa skrini, wa kadi za michoro na wa gemu zenyewe wanatuuzia kasi, kisha wanaifungia ndani ya menyu ambazo hakuna hata mmoja wao anayejisumbua kuzieleza.

Sanduku la skrini limeandikwa hezi 144 kwa tarakimu kubwa, yaani picha mpya 144 kila sekunde, lakini ukiichomeka, mara nyingi Windows huiendesha kwa hezi 60 mpaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya kina ya skrini na kuibadilisha. Hakuna ujumbe unaotokea kukuarifu kwamba zaidi ya nusu ya ulicholipia kimelala. Kwa hezi 60, picha mpya huja kila baada ya milisekunde 16.7, kwa hezi 144, kila baada ya milisekunde 6.9, na mkono ulioshika kipanya huihisi tofauti hiyo papo hapo. Wapo watu wanaocheza miezi mingi wakiilaumu kadi yao, wengine hadi kununua nyingine, ilhali tatizo lilikuwa mstari mmoja kwenye menyu.

Na ukishaijua menyu hiyo, usishangae kukuta 144 haimo kwenye orodha, kwa sababu skrini nyingi hutoa kasi yake kamili kupitia tundu la DisplayPort pekee, huku lile jingine la HDMI likiwa la toleo lisilomudu kasi hiyo. Habari hiyo utaikuta, ukibahatika, mwishoni mwa kijitabu. Wale waliochomeka kebo kwenye tundu la ubao mama badala ya la kadi nawaonea huruma tu, maana matundu yanafanana na hakuna aliyeweka hata kibandiko.

Kinachonikera kuliko vyote, hata hivyo, ni menyu za gemu. Unapewa maneno “chini”, “wastani”, “juu” na “juu kabisa”, yote yakizungumzia uzuri wa picha, wala hakuna hata moja linalokuambia gharama yake. Ubora wa nyuso za vitu, kwa mfano, hauipunguzi kasi kwa kiasi cha maana ilimradi kumbukumbu ya kadi inatosha. Ikijaa tu, data huanza kusafiri kwenda na kurudi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na gemu hukwamakwama vibaya sana. Vivuli na ukungu, kwa upande mwingine, huila kadi kila sekunde, na ukivishusha ngazi moja kutoka juu kabisa ni vigumu kuona tofauti unapokuwa unakimbia na kupiga risasi. Ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing) unaweza kukata nusu ya fremu zako, yaani picha ambazo kadi hutengeneza kila sekunde, lakini umewekewa kitufe kidogo sawa na kile cha ukungu wa mwendo (picha kufifishwa unaposogea), ambacho binafsi hukizima kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mtu anayehama kutoka 1920 kwa 1080 kwenda 3840 kwa 2160 haambiwi popote kwamba ameizidishia kadi idadi ya pikseli mara nne. Zipo gemu zinazoonyesha picha ya mfano na mstari wa matumizi ya kumbukumbu kando ya kila chaguo, kwa hiyo asije mtu hapa kunieleza kwamba jambo hili haliwezekani.

Kisha tunatupiwa wastani wa fremu kwa sekunde kana kwamba ndio ulaini wenyewe. Wastani wa fremu 90 unaweza kuficha fremu moja iliyochukua milisekunde 50, na jicho litaiona hiyo moja na kuzisahau nyingine zote. Dawa ipo: NVIDIA, watengenezaji wa kadi, walitangaza G-Sync mwaka 2013, na VESA, shirika la viwango vya skrini, ikaweka Adaptive-Sync kwenye kiwango cha DisplayPort mwaka 2014, ili skrini iisubiri kadi badala ya picha kuchanika au kukwama. Mbona basi hadi leo kuna skrini zinazokuja zikiwa zimeizima kwenye menyu yake ya ndani, ukiiwasha huko bado ukaitafute tena kwenye programu ya kadi, na hakuna anayekushauri uweke kikomo cha fremu chini kidogo ya kasi ya skrini, tuseme 138 kwa skrini ya 144, ili usivuke mpaka ambao ndani yake dawa hiyo hufanya kazi?

Fremu za kubuni ndizo zimenimaliza kabisa. Kadi hutengeneza fremu kati ya mbili za kweli, tarakimu inapaa, matangazo yanapambwa, lakini gemu haikujibu kidole haraka zaidi. Hukijibu kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa fremu ya kweli hushikiliwa kwanza. Anayeanzia fremu 30 halisi ataona 60 na kuhisi uzito uleule, au zaidi.

Ninadai mambo mawili: skrini ijiwashe kwa kasi yake ya juu inayomudiwa na kebo, na kila chaguo la gemu lieleze linachokula. Wakati tukisubiri, naomba kila mmoja aandike hapa skrini yake ilianza kwa hezi ngapi ilipochomekwa mara ya kwanza, na kwa kebo ipi. Wenye skrini za “milisekunde 1”, yaani muda wa pikseli kubadilika rangi, mtuambie pia kama tarakimu hiyo mliipata bila kupandisha kichapuzi cha pikseli (overdrive) hadi mwisho na kuachiwa vivuli vyeupe nyuma ya kila kitu kinachosogea.